Bushi Isiyolika

Karakana ilikuwa imechangamka asubuhi hiyo. Misumeno ililia, cheche ziliruka, na juu ya vichwa vya watu winchi ilikuwa ikipandisha mtambo mzito kama tembo. Aliyeiongoza kwa ishara za mkono alikuwa kaka wa mhandisi wa karakana hiyo, mwanamke aliyesimama pembeni.

Mhandisi alitazama huku kichwa kikimvimba kwa fahari. Bushi, yaani pete zilizoshika shafti, ule mhimili unaozunguka wa winchi ile, alizibuni mwenyewe, kwa plastiki iliyochanganywa na unga wa jiwe gumu ajabu. Bushi za zamani za shaba zililika kama sabuni. Zake, kila alipozipima, zilikuwa vilevile. Mafundi wakambandika jina la Mama Bushi, naye akalipenda.

Siku chache nyuma kaka yake alikuwa amemuuliza, "Dada, huu unga mweusi chini ya winchi unatoka wapi?"

"Bushi zangu hazitoi unga. Ni hawa jirani wa mashine ya kunolea wanaotuchafulia," alijibu, akaenda kuwatolea maneno makali.

Ghafla, kaa! Mlio kama wa mfupa mkavu ukivunjika. Mtambo ukaporomoka, sakafu ikaruka, vumbi likatanda. Kisha kimya.  

"Kaka!" mhandisi aliita.

"Nipo," sauti ilijibu nyuma ya nguzo. "Ila mguu sina hakika nao."

Majeruhi alipopelekwa hospitalini, mhandisi alipanda juu na kuifungua winchi.  Bushi iling'aa kama mpya. Shafti iliyokuwa ndani yake ilikuwa imeliwa hadi ikawa nyembamba kama shingo ya chupa, kisha ikakatika. Chembe za jiwe zilizoikinga bushi zilikuwa zikikisaga chuma kimyakimya. Unga mweusi ulikuwa shafti yenyewe.

"Zimeni winchi zote!" alipiga kelele.

"Lakini bushi mbona nzima?" msimamizi aliuliza.

"Nzima kwa kumla mwenzake! Mimi nilipima bushi tu, shafti sikuigusa."

Aliwaomba radhi jirani wa mashine ya kunolea, kisha akaenda hospitalini. Kaka yake alikuwa amelala kitandani, mguu umefungwa plasta.

"Umempata mchawi wetu wa ule unga mweusi?" alimuuliza.

Machozi yalimtoka mhandisi. "Nilimsaka kwa jirani, kaka, kumbe ni bushi yangu, vazi nililoivika shafti mimi mwenyewe."

Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.