Pimbi na Duara la Mzazi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wana majiko na vyungu vyao, kulikuwa na kijiji mbugani ambako mama hakuachwa azae peke yake. Uchungu ukimshika mmoja, wanawake wote walikuja wakamzunguka, migongo ndani, pembe nje, mpaka mtoto asimame kwa miguu yake. Fisi walilijua duara hilo na walilichukia.

Kelele hazikupigwa, maana fisi wana masikio. Aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaita wanawake alikuwa Pimbi. Hakuwa na pembe, na mwili wake ulikuwa wa kubebwa kapuni, lakini alipita majanini asionekane. Kazi hiyo ndiyo iliyompa nafasi kati ya wakubwa.

Shoga yake alikuwa Pofu, yule mnyama wa jamii ya swala, mkubwa kama ng'ombe. Kila jioni walichambua mboga pamoja barazani kwa Pofu. Kisha akahamia pale Punda Milia, mgeni, mcheshi, mjamzito. Siku moja Pimbi akafika akamkuta mgeni ameketi kwenye kigoda ambacho Pimbi alizoea kukalia, na Pofu anajifuta machozi kwa kucheka.

"Karibu, mwenzangu," Pofu akamwambia. "Vuta mkeka."

Pimbi akavuta mkeka, akacheka nao. Moyoni aliungua. Angesema, "Shoga, naona wivu, naogopa utaniacha," mambo yangeishia hapo. Lakini aliona aibu kusema. Nyati akikasirika hupiga pembe, mambo yakaisha. Pimbi alikaa na lake rohoni, na likachacha.

Alfajiri moja Punda Milia akashikwa na uchungu.

"Kimbia, Bi Pimbi. Niitie mama zangu."

Pimbi akaenda, chaka chaka chaka, mpaka kwa Nyati.

"Bi Nyati, mgeni wetu ana uchungu. Lakini... basi, acha tu."

"Acha nini? Sema."

"Alisema kwato zako zitamkanyaga mtoto. Nakwambia kwa kuwa nakupenda. Usimwulize, atajua ni mimi."

Nyati akageuka akarudi ndani. "Basi nitakaa kwangu."

Kila nyumba ikapata neno lake. La Pofu, Pimbi aliliweka mwisho, maana alijua panapomuuma.

"Anasema huja kwako kwa huruma tu, shoga. Eti kwa vile hukujaliwa mtoto."

Pofu akaweka mwiko chini. Akalia, na Pimbi akaketi kwenye kigoda chake, akamfuta machozi. Muda mfupi huo alikuwa na furaha, na inasikitisha kusema hivyo.

Hii-hiiii! Fisi wakacheka ng'ambo ya kijiji.

Pofu akainuka. "Hao wako kwa Punda Milia. Nani yuko naye?"

Pimbi akatazama chini.

"Pimbi, nani yuko naye?"

"Hakuna."

"Kama alinitukana, nitamwuliza, mtoto wake akiwa hai," Pofu akasema, akatoka mbio. Ka! ka! ka! Akapita kwa Nyati akamwita, akapita kwa wengine, nao wakamfuata na hasira zao, Pimbi nyuma yao.

Walimkuta fisi ameshauma mguu wa mtoto. Pembe zikafanya kazi yake, fisi wakatawanyika. Mtoto alipona, lakini alichechemea maisha yake yote.

Ndipo Pofu akauliza, "Ulisema unanihurumia kwa kuwa sijazaa?"

Punda Milia alikuwa bado anahema. "Mimi? Nilisema nikipata binti nitampa jina lako. Ndiye huyu."

"Na kwato zangu?" Nyati akauliza.

"Kwato zako, mama, ndizo nilizokuwa nazisikilizia tangu alfajiri."

Wote wakamgeukia Pimbi. Hakuna aliyeinua pembe.

"Ungeniambia tu kwamba nimeanza kukusahau," Pofu akasema. "Ningekuomba radhi."

Pimbi akaondoka kijijini siku hiyohiyo. Alihamia majabalini, na huko yuko hadi leo. Siku hizi hanong'oni. Hupiga ukelele kutoka kwenye jiwe, mbuga nzima ikasikia, lakini hakuna anayeinuka kumfuata.

Basi, wanangu, anayekunong'oneza maneno ya mwenzako eti kwa kuwa anakupenda, mwulize kwanza yeye anaogopa kupoteza nini, kisha nenda kamsikilize mwenzako mwenyewe.