Lugome Aliyewaita Adui Wajomba

Enzi za mababu wa mababu zetu, ukoo wa Kisinda ulipokuwa ungali na moto mmoja na zizi moja, alizaliwa Lugome mwana wa Kisinda, Lugome Kifua cha Mwamba, ambaye mama yake, Sembuli, alikuwa ameletwa bondeni kuolewa kutoka kwa watu wa Mlimani. Lugome ndiye aliyemshika nyati pembe akamlaza chini, ndiye aliyetukusanya kutoka vichakani akatufanya kuwa watu. Lakini nguvu za mikono yake zilikuwa ndogo mbele ya nguvu za kinywa chake, kwani alilolitamka asubuhi lilikuwa limekwisha kutendwa kabla jua halijatua.

Mwaka wa ukame, watu wa Mlimani waliposhusha ng'ombe wao kunywa katika mto wetu Lwika, Lugome alisimama uwanjani kwa hasira, akasema, "Hao si watu. Ni magugu."

Hakuongeza neno, wala hakuagiza mtu auawe. Vijana waliondoka na mikuki, na kesho yake wakarudi wakiimba kwamba wamepalilia.

Lugome alipanda mlimani peke yake, akaona walichokipalilia: nyumba zimeungua, wazee na watoto wamelala milangoni hawana uhai. Aliporudi alimkuta mama yake amefunga mzigo wake.

"Na mimi, mwanangu," akamwuliza, "utaning'oa lini?"

Kifua cha Mwamba aliketi mavumbini, akalia kama mtu yeyote.

Siku ya tatu watu wa Mlimani walishuka kulipa kisasi, na majeshi mawili yakatazamana kivukoni. Wetu walingoja neno lake. Yeye akaweka ngao chini, akaingia majini hadi kiunoni, akanena kwa lugha ya mama yake, lugha ambayo tangu awe mtawala alikuwa akiona haya kuitamka mbele ya watu:

"Wajomba zangu, mpwa wenu amewaua kwa ulimi wake. Hawa walio nyuma yangu walinitii tu. Nichukueni mimi."

Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaita hivyo, na kila aliyejisikia akiitwa mjomba aliuona mkuki wake kuwa mzito mkononi. Mzee wao Mdegela, aliyekuwa amewazika wanawe wawili, alishuka hadi ukingoni. Hakumsamehe. Alisema tu, "Njoo ujenge ulichobomoa."

Lugome akavuka. Wetu walimwona akipanda katikati ya watu wa Mlimani, mgongo wake mpana ukipotelea ukunguni, na bondeni hakurudi tena.

Tangu hapo sisi na watu wa Mlimani huitana wajomba, twaoana na twazikana. Na mtawala wetu, siku ya kutawazwa, hupelekwa kwanza kivukoni awaamkie wa ng'ambo kwa lugha yao, ndipo aruhusiwe kutuhutubia sisi. Wengi wamesimama pale, wengine wenye sauti nzuri sana; lakini wazee, wakiwasikiliza, bado huinua macho wakautazama mlima.