Maji Yaliyolala

Naja na mtungi!

— Utue!

Umejaa!

— Tumiminie!

Nitawamiminia, lakini nasema mapema: hadithi ya leo haina harusi. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize.

Zamani, zamani zile ambazo wanyama walisema na watu wakawajibu, palikuwa na kijiji mlimani. Juu ya kijiji palikuwa na chemchemi, na chini ya chemchemi palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono na kuzungushiwa mawe. Maji ya chemchemi yaliingia humo jioni, yakakaa usiku kucha, na asubuhi yakafunguliwa kwenda mashambani. Watu wa kule hawakusema ndiva imejaa. Walisema, maji yamelala. Na asubuhi walisema, maji yameamka, chukueni majembe.

Ndani ya ndiva aliishi Mjusi-Maji. Nyinyi mliosoma mngemwita salamanda. Hakuwa na magamba hata moja. Ngozi yake ilikuwa laini na mbichi siku zote, na alikunywa kwa ngozi hiyo, si kwa kinywa. Watu walimtunza kwa sababu chemchemi ilimfuata yeye. Alipo Mjusi-Maji, chemchemi huja. Asipokuwapo, chemchemi hupotea njia.

Basi ukaja ukame. Mwezi wa kwanza maji yakafika kiunoni. Mwezi wa pili yakafika kwenye kifundo cha mguu. Mwezi wa tatu ndiva ikabaki tope, na Mjusi-Maji amelala kwenye tope hilo akihema.

Msimamizi wa ndiva aliitwa Senkondo. Akawaita watu wote.

"Mvua bado mwezi mmoja," akasema. "Huyu hafiki. Tumtie mtungini, tumfuge hadi mvua zianze, kisha tumrudishe. Akifa mikononi mwetu tumekwisha. Nani ana nyumba safi?"

Hapakuwa na ubishi. Wote walimtazama Namkunda.

Namkunda alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Nakijwa, na Nakijwa wakati huo alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Mitungi ya Namkunda ilisuguliwa kwa majivu kila siku hadi ikateleza. Majirani walifuta nyayo kabla ya kuingia kwake. Alipenda sana kusifiwa kwa hilo, na mimi sitamfichia.

"Mama Nakijwa," Senkondo akasema, "tunakukabidhi kijiji."

"Mtamkuta anang'aa," Namkunda akajibu.

Akamchukua kwa jani la mgomba, akaenda naye nyumbani.

Maji ya karibu wakati ule yalikuwa ya kisima cha tambarare, na kisima hicho kilikuwa na magadi. Namkunda akasugua mtungi, akateka maji ya kisima, akayachuja kwa kitambaa mara tatu. Yakawa meupe kabisa. Akamtia Mjusi-Maji. Jua lilipopanda akasikia wimbo mtungini:

*Namkunda, Namkunda,*
*ngozi yangu haina mlango,*
*cha mtungini chaingia,*
*cha mtungini chaingia.*

Akachungulia. Mgongo wa Mjusi-Maji ulikuwa umeanza kuchubuka.

"Una nini wewe? Nimeyachuja mara tatu."

"Mama, maji haya makali. Nipe maji matamu."

Namkunda akaona haya, maana mgeni ameomba kitu kizuri naye hakuwa amefikiria. Akapanda kwenye mzinga wake wa mwisho, akapata asali, akatia vijiko viwili vya mti mtungini, akakoroga.

Naam, asali. Nani huyo anayecheka? Nilikwambia umalize kule mwanzo.

Siku ya pili sisimizi walikuwa wamezunguka mdomo wa mtungi, na maji yalinuka pombe. Ndani yake wimbo ulitoka kwa shida:

*Namkunda, Namkunda,*
*ngozi yangu haina mlango,*
*cha mtungini chaingia,*
*cha mtungini chaingia.*

Nyuma ya mitungi aliishi Chura. Yeye alikuwa mpangaji asiyelipa, na Namkunda alimfukuza kila siku. Siku hiyo Chura akajitokeza.

"Mama, unamuua mwenzangu," akasema. "Nani kakwambia maji matamu ni ya asali? Wewe ukishuka pwani ukaomba maji matamu ya kunywa, wanakuletea sukari?"

Namkunda akashika mdomo. Neno hilo alilitumia tangu utoto. Maji matamu ni maji yasiyo na chumvi wala magadi, basi. Lakini lilipotoka mtungini alilisikia vingine, kwa kuwa alitaka kuonekana mkarimu.

Akamwaga yale. Akabeba kibuyu, akapanda mlima nusu siku hadi kichwa cha mto, mahali ambapo maji yalidondoka tone moja moja mwambani. Akakinga. Akarudi mbio, akayamimina papo hapo, yangali baridi ya mwamba. Mjusi-Maji akajikunja.

"Haya ni matamu, mama, nashukuru. Lakini bado yanakimbia. Yamebeba ukali wa mwamba. Nipe maji yaliyolala."

Hapo Namkunda hakuuliza maana yake. Yeye ni mtu wa ndiva. Alijua.

Akapanda tena mlimani. Maji aliyoleta akayaweka kivulini, kwenye chungu chenye mdomo mpana, bila kufunika. Yakalala usiku kucha na mchana wake. Chura akamwambia atie jiwe la mtoni, mwenzake apate pa kupanda, na majani makavu matatu, apate pa kujificha. Akamwambia pia asibadilishe maji yote mara moja. Kibuyu kimoja kitoke, kibuyu kimoja kiingie. Na majivu yasikaribie kabisa.

Ndivyo alivyofanya. Kila siku alipanda mlima, kila siku alilaza maji. Visigino vyake vilipasuka. Siku ya tano ngozi ya Mjusi-Maji ikajifunga. Siku ya kumi akaanza kula minyoo mkononi mwa Namkunda. Na Namkunda, aliyezoea kukaa kimya tangu mumewe afe, akaanza kuzungumza naye akisafisha nyumba. Alimweleza habari za mjukuu anayekuja. Alimpenda, niseme ukweli. Hili ndilo linalouma.

Siku ya ishirini na nane ngurumo ikasikika upande wa magharibi. Senkondo akatuma neno: mvua imefika, kesho tunakuja wote na ngoma kumchukua Mjusi-Maji.

Namkunda akafurahi. Akafagia uwanja. Akapaka nyumba udongo mpya. Kisha akachungulia mtungini kwa macho ya watu wengine.

Maji yalikuwa na rangi ya kutu kwa ajili ya yale majani. Ukuta wa mtungi ulikuwa na utelezi wa kijani. Jiwe lilikuwa limeota ukungu.

"Watu watasema nini?" akajiuliza.

"Mama, waache waseme," Nakijwa akamwambia. "Amepona humo humo."

"Watasema Namkunda amemfuga kwenye maji ya kuoshea vyombo."

"Kesho si anaondoka? Siku moja tu, mama."

"Mwanangu, wewe huyajui maneno ya watu. Siku hiyo moja ndiyo watakayoikumbuka."

Chura akaruka hadi kizingitini. "Mama, kibuyu kimoja tu. Nakuomba."

"Toka, mchafu wewe," Namkunda akasema, akamsukuma kwa ufagio.

Asubuhi na mapema akapanda mlima kwa mara ya mwisho. Aliporudi akamtoa Mjusi-Maji, akamweka kwenye jani. Akatupa majani matatu. Akatupa jiwe. Akasugua mtungi kwa majivu ndani na nje, akasuuza mara moja tu kwa kuwa wageni walikuwa njiani. Akamimina maji mapya, yote, yaliyokuwa bado yanakimbia. Mtungi ukang'aa. Akamrudisha Mjusi-Maji, akafunga kanga safi, akaketi mlangoni.

Ngoma zilikuwa chini bondeni aliposikia wimbo. Safari hii ulikuwa mdogo.

*Namkunda, Namkunda,*
*ngozi yangu haina mlango...*

Akainama mtungini. "Vumilia kidogo tu, wanakuja. Nimekutilia maji safi."

"Haya si yangu, mama," Mjusi-Maji akasema. "Haya ni maji ya wageni."

Hakusema tena.

Watu wakafika wakiimba. Wakausifu uwanja, wakausifu mtungi. Senkondo akainama kuchungulia, na nyuma yake wengine wakainama. Maji yalikuwa meupe hata kila mtu alimwona vizuri, amelala chini, tumbo juu.

Ngoma zikanyamaza moja moja. Senkondo akatia kidole majini, akakinusa.

"Majivu," akasema.

Hakumtukana. Hakuna aliyemtukana. Walibeba ngoma zao wakaondoka, na Namkunda angependa zaidi wangemtukana.

Mvua ilinyesha siku ile ile. Ilijaza ndiva, watu wakangoja. Mvua ilipokatika maji yakashuka, yakaisha, na juu kule chemchemi haikuja. Ilikuwa imepotea njia. Msimu wa pili ikawa hivyo hivyo. Msimu wa tatu nyumba ya kwanza ikafungasha, kisha ya pili, kisha zote, wakahamia tambarare kwenye maji ya magadi. Nakijwa alikuja kuaga na mtoto mgongoni.

"Mama, twende. Huku hamna kitu."

"Nikienda nani atayalaza maji?" Namkunda akasema.

Nakijwa alilia hadi mtoto naye akalia. Kisha akashuka na mtoto wake, bila mama.

Namkunda akabaki. Kila siku alipanda mlima na kibuyu. Kila siku alilaza maji kivulini, bila kufunika, akayatia mtungini, kibuyu kimoja kikitoka na kimoja kikiingia. Aliweka jiwe. Aliweka majani makavu matatu. Mtungi ule hakuusugua tena, ukaota kijani ndani na nje, na nyumba nayo ikaanguka upande mmoja.

Siku moja akamwita Chura, ambaye sasa aliketi popote alipotaka.

"Onja haya. Yako sawa?"

Chura akatia mguu mtungini. "Yako sawa, mama. Yamelala vizuri."

"Basi mbona haji?"

Chura akautoa mguu wake majini taratibu. 

Enyi mnaonisikiliza, funzo ni hili, na si refu. Ukimchukua kiumbe ukamweka kwako, usimtengenezee maji ya kupendeza macho ya watu. Muulize yeye maji yake ni yapi. Akikwambia, shika hayo hayo, hata wageni wakiwa mlangoni.

Mtungi wangu umefika chini.

— Uinamishe!

Nimeinamisha. Lilikuwa limebaki tone moja, nalo limeanguka mchangani.