Fisi na Mabuti ya Farasi

Mwaka ule mvua iliisahau mbuga ya Nyasikavu kabisa kabisa. Mto uligeuka barabara ya mchanga, na viboko, waliozoea kuringia unene wao, wakaanza kuonyesha mbavu. Kilibaki kisima kimoja tu, na mwenyewe, kama mnavyoweza kudhani, alikuwa Simba.

Simba angeweza kuwagawia wenzake maji kimya kimya. Lakini mfalme hafanyi jambo pasipo watazamaji, basi akaitisha mashindano. Wakimbiaji wauzunguke Mlima Mawe kutwa nzima, na atakayetangulia kurudi na miguu mizima ndiye awe msimamizi wa kisima, aamue nani anywe na nani asubiri. Kobe, mganga wa miguu, atawakagua mwishoni. Anayechechemea ameshindwa.

Wawili walijitokeza. Wa kwanza Farasi, ambaye mwanawe alikuwa amelala kivulini, ulimi umekauka, hata kusimama hawezi. Wa pili Fisi. Naye alikuwa na sababu njema sana. Aliwaza kwamba msimamizi wa kisima hufuatwa na wanyama wenye kiu, wanono kwa wembamba, bila ya yeye kuwakimbiza. Moyo wake wa utumishi ulimdondosha mate.

Siku ya mbio Farasi alikuja na mabuti manne ya ngozi, aliyoshonewa na Sungura.

"Ya nini hayo? Unakwenda harusini?" Fisi akamuuliza.

"Nikichoka, kwato za nyuma hunigonga miundi ya mbele, Bwana Fisi. Haya yananikinga."

Fisi hakuamini hata neno moja. Alitazama mabuti, akatazama wepesi wa Farasi, akaifichua siri yote kwa akili yake kubwa: mbio zimo ndani ya mabuti.

Wakatimka. Kufikia adhuhuri Farasi alikuwa mbele sana. Alipofika chini ya mti wa nusu njia, mahali pa mapumziko, akasimama. Sungura, aliyekuwa akimngojea, akamvua mabuti, akayakung'uta mchanga, akamsugua miguu kwa nyasi kavu. Kisha akayaanika juani yakauke jasho, na Farasi akafumba macho kidogo.

Fisi akafika akihema. "Kweli wajinga wapo," akanong'ona kichakani. "Mtu anashinda, halafu anakaa kukung'uta viatu!" Akanyata, akayakwapua yote manne, akatokomea nayo.

Alipokuwa akiyavaa nyuma ya jiwe, yakimbana hapa na kumpwaya pale, Sungura akachomoza. Fisi akaruka kwa hofu.

"Tulia, mzee wangu," Sungura akasema. "Mbona yamekupendeza kuliko mwenyewe! Ila nisikufiche. Ukiyavua njiani, mbio zote zitamwagika."

"Nani avue?" Fisi akajibu, kifua mbele.

"Na upite mtoni. Mchanga ule ni laini, unafaa miguu ya mheshimiwa."

Fisi akapita mtoni. Mchanga ukaingia kwa juu, ukajaa, ukaanza kusaga. Miguu ikawaka moto. "Naam," akajiambia, machozi yakimlengalenga, "hizo ndizo mbio zinaingia mwilini." Akazidi kukaza mikanda.

Na kweli, alitangulia kufika. Hakuna aliyeshangilia. Kila mnyama alimtazama yule mtoto wa Farasi kwa huzuni.

"Vua," Kobe akamwambia.

"Nisamehe, mganga. Nikivua zitamwagika."

"Nini zitamwagika?"

"Mbio!"

Simba mwenyewe, ambaye hacheki mbele ya raia, alilazimika kukohoa. Kobe akafungua mikanda. Ukamwagika mchanga, na chini yake ngozi ilikuwa imechunika, nyekundu tupu.

"Haya, tembea."

Fisi akajikongoja. "Mimi ndivyo nitembeavyo siku zote!" akapiga kelele.

"Siku zote huchechemei kwa miguu yote minne," Kobe akasema. "Umeshindwa."

Farasi akatokea jua likishuka. Bila mabuti, kwenye mawe alikuwa ametembea taratibu, asijigonge. Kobe akambonyeza miundi, akamkimbiza huku na huku. Alikuwa mzima.

Farasi hakungoja hotuba ya Simba, ingawa ilikuwa ndefu na ya kujisifu. Alichota maji kinywani, akampelekea mwanawe, akarudi kuchota tena, mpaka mtoto akasimama akitetemeka. Wanyama wote wakanywa. Mwisho kabisa akabaki Fisi, amejilaza mavumbini, hawezi kuja wala kukimbia.

Yule mtoto akamwendea, maji yamemjaa kinywani, akamtilia mdomoni. Fisi akameza. Aibu ilimuunguza kuliko vidonda.

Basi ukitamani kifaa kinachomfaa mwenzako, muulize pia hukivua wakati gani.