Jini Harishi na Maoni ya Watu wa Kahtara

Katika mji wa Kahtara alitawala Sultani Shamhuri, na kidoleni mwake ilikuwamo pete iliyomfunga jini Harishi, asiyeweza kusema uongo, na kazi yake ilikuwa kubisha milango na kuwauliza raia wanamtaka nani, kisha kuleta majibu barazani. Na kila mwaka majibu yalimsifu Sultani, naye akilala usingizi mnono.

Sultani alipougua, pete akaishika Waziri Ghalibu, akamtuma jini kuulizia mrithi. Akarudi akasema, "Bwana wangu, karibu wote niliowauliza wamesema wanamtaka Waziri. Mwanao Luqmani wamemkataa." Na ada ya Kahtara ilikuwa kali: mwana aliyekataliwa hukatwa kichwa, asije akazua fitina.

Luqmani, aliyekuwapo barazani, akashangaa. Juzi tu watu wa sokoni walimshika mkono wakamwombea dua, leo wamemkana? Akamtazama Waziri, akamwona anatabasamu, na mwenye upanga amekwisha simama mlangoni.

Ada ilimruhusu mhukumiwa kumuuliza jini swali moja, na wengi huuliza kama wataiona pepo. Luqmani akasema, "Ewe Harishi, uliwauliza akina nani, na uliwauliza vipi?"

Swali hilo lilikuwa halijapata kuulizwa barazani.

"Niliwauliza watu wa mtaa wa Waziri peke yao," akajibu jini, "maana ndivyo alivyoniamuru. Nikaingia na umbo langu la moto, nikaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wa nyumba, nikasema: Mwamtaka Ghalibu na kumkataa Luqmani, au hamumtaki Ghalibu?"

"Na waliosema hawamtaki?" akauliza Sultani.

"Ni wachache, bwana wangu. Hao hawakuwa na watoto."

Waziri akaanguka kifudifudi, askari wakamburura nje. Luqmani akalia kwa furaha, akadhani hofu imekwisha. Ndipo akamsikia baba yake akiuliza kwa sauti ndogo, "Na miaka yote ile, uliponiulizia mimi?"

"Vivyo hivyo, bwana wangu. Kwa mkono huu huu."

Sultani akaivua pete, ikatupwa kisimani na kisima kikafukiwa, naye hakuishi sana baada ya hapo. Luqmani akarithi kiti na hazina, akamwoa Zaituni binti Kadhi, na harusi ikasifiwa mbali. Lakini kila alipopita njiani watu wakamshangilia, hakuitikia upesi, bali alitazama kwanza vichwa vya watoto wao.