Mwosha Maiti Aliyetaka Kuonekana

Weka kando hicho unachokitazama, usome hiki kwanza. Ni kirefu kidogo kuliko tunavyopenda siku hizi, ila kina mwisho. Jina la mji silitaji, na majina ya watu yote nimeyabadilisha. Ukifika chini utajua kwa nini.

Katika mji mmoja wa mikoani aliishi mama aliyeitwa Mwantumu. Kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Hakuajiriwa na mtu. Aliirithi kwa mama yake, Bi Hadia, ambaye aliwaosha wanawake wa mji ule mpaka mgongo ukakataa kuinama. Msiba ukitokea, hodi ya kwanza ilipigwa kwa shehe, ya pili kwa Mwantumu. Alikwenda na majani yake ya mkunazi na karafuu maiti, kanga zikatundikwa uani kuwa pazia, akaingia na wenzake wachache. Walichokikuta nyuma ya pazia kilibaki huko huko. Ndiyo desturi, anayeosha hasemi, hata kama marehemu alikuwa hasimu yake.

Kazi hiyo ina heshima, lakini ni heshima ya kukaa mbali. Watu walimsalimia Mwantumu vizuri, ila mikono yake waliiogopa. Aliwahi kukaanga vitumbua ili auze asubuhi mbele ya nyumba yake. Vilikuwa vitumbua vizuri tu. Watu walipita, wakasifu harufu, wakaenda kununua kwingine. Mwishowe akavila na mama yake, chuma cha vitumbua akakipandisha juu ya kabati. Hata mume aliyekuwa naye aliondoka akisema hawezi kula chakula kilichopikwa na mikono ile.

Kwa hiyo kwa kilichofuata mimi simlaumu sana. Namlaumu, lakini si sana.

Kulikuwa na kipindi cha televisheni kilichoitwa Bila Pazia. Watu wa kawaida, kinyozi, muuza mitumba, dada wa saluni, wanafungiwa katika nyumba moja yenye kamera kila chumba. Wanakula, wanagombana, wanapatana, na nchi nzima inawatazama na kupiga kura nani abaki. Anayetoka mle hapiti tena barabarani bila kuombwa picha. Mwantumu alikuwa hakikosi. Alianza kukitazama kama wengine, baadaye akawa anakitazama kama mwanafunzi mwenye mtihani. Alijua nani alilia lini na kura zake zikapanda kiasi gani.

Kisha akaanza kuongea jikoni peke yake, uso kaugeuzia dirishani. "Jamani, leo nimeamka na mawazo," analiambia dirisha huku anachambua mchele. Mama yake akiwa chumbani alimuuliza anaongea na nani. Mwantumu akasema anaongea na watazamaji. Bi Hadia alicheka akidhani ni utani.

Haukuwa utani. Misibani alianza kuvaa miwani myeusi. Siku moja nyuma ya pazia, mwenzake aliyeitwa Bi Saumu alimkuta amesimama na kopo la maji mkononi, kidevu kakiinua, anatabasamu kuelekea kona isiyo na kitu. Bi Saumu alimgusa kwa kiwiko, naye akaendelea kumimina.

Ikafika siku watu wa kipindi wakaja makao makuu ya mkoa kuchagua washiriki wapya. Mwantumu alijipamba. Mikono ile aliyoificha chini ya mtandio miaka yote, safari hii aliitia hina mpaka karibu na viwiko. Alipanga foleni tangu asubuhi, akaitwa jua limeshakuwa kali. Ndani kulikuwa na kamera, taa za kuumiza macho na mtayarishaji mmoja mwenye kofia, aliyekuwa anachezea simu. Alimwambia ajieleze. Mwantumu akasema yeye ni mwosha maiti.

Yule bwana akainua uso. Hebu jiweke mahali pa huyo mama. Alikuwa anangoja mtu amtazame namna hiyo tangu alipoanza kazi.

"Tuambie kitu ulichokiona huko ambacho hakuna mwingine anakijua," akasema bwana wa kofia.

Mwantumu alisita, hilo nampa. Alijibu kwamba hairuhusiwi. Bwana akasema hakuna shida, akarudisha macho kwenye simu, akamwita anayefuata. Mlango ulikuwa tayari unafunguliwa.

"Ngoja," akasema Mwantumu. "Jina lake sitalitaja."

Akasimulia. Kuna mama mmoja, mke wa mtu wa dini, mwalimu wa watoto wa madrasa, mpole asiyeinua sauti. Alipomwosha alikuta ubavuni pamechanjwa jina kwa sindano na masizi, jina la Idrisa. Na mumewe haitwi Idrisa. "Ilikuwa siku ya Maulidi," akamalizia, "nikaosha huku natetemeka." Machozi yakamtoka pale pale alipoyahitaji, kama alivyojifunza kwenye kipindi. Bwana wa kofia akapiga makofi.

Ni kweli, jina la marehemu hakulitaja. Alitaja Maulidi. Na mjini pale hakuna asiyekumbuka jeneza lililokutana na maandamano ya zafa ya Maulidi barabarani, dufu zikanyamazishwa na watu wote wakaiacha zafa wakalifuata jeneza. Alikuwa Mama Tunu, mke wa Maalimu Shomari.

Mwantumu hakuchaguliwa. Lakini kipande chake walikirusha, kwenye mchanganyiko wa waliojaribu bahati, na kabla ya magharibi kilikuwa kimeingia katika kila simu ya mji ule.

Kwa siku chache alipata alichokitaka. Stendi walimnyooshea vidole, wasichana wakaomba kupiga naye picha. Alikaa barazani kapendeza, simu mapajani, akingoja watu wa kipindi wapige kutoka Dar es Salaam kumwambia kuna nafasi.

Kwa Maalimu Shomari mambo yalikuwa mengine. Watoto wa madrasa walipungua wakabaki wa ndugu zake. Msikitini aliondolewa safu ya mbele, na aliyeulizwa sababu alitazama chini. Binti yake, Tunu, alikuwa na posa. Upande wa pili wakaomba muda kidogo watulie, na hawakurudi tena. Maalimu hakumjibu mtu yeyote neno lolote. Watu wakasema kimya chake ndicho ushahidi.

Kisha likamrudia Mwantumu. Wanawake wazee walianza kuwausia watoto wao kwamba wakifa, yule asiwasogelee. Msiba uliofuata hodi haikupigwa kwake, walileta waoshaji kutoka kijiji cha jirani. Wenzake wa nyuma ya pazia wakaacha kupita kumsalimia. Na Dar es Salaam hawakupiga.

Bi Hadia alikuwa kitandani wakati huo. Miguu ilishamwisha nguvu, ingawa kuogeshwa alikataa katakata. Alishikiliwa mpaka bafuni, akakalishwa kwenye kigoda, akafunga mlango na kujiogesha mwenyewe. Ile video jirani alimwonyesha. Hakumgombeza mwanawe. Lakini siku moja Mwantumu akimpaka mafuta ya nazi nyayoni, alisema, "Mwanangu, mimi utaniosha na nani?"

Maiti haioshwi na mtu mmoja. Anatakiwa wa kugeuza, wa kumimina maji, wa kushika shuka ili mwili usikae wazi. Mwantumu aliwahesabu wote aliokuwa akiosha nao, na hakumwona hata mmoja ambaye angeingia naye tena.

Alijikaza akaenda kwa Maalimu Shomari. Tunu ndiye aliyefungua mlango. Mwantumu aliomba radhi akiwa amesimama kizingitini, maneno yanamkatika. Tunu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia, akafunga mlango taratibu.

Bi Hadia alifariki asubuhi moja, chai yake ikiwa bado ina moto. Mji ulikuja, maana msiba ni msiba. Wanaume walikaa nje, wanawake wakajaa ndani, wakamlilia kwa haki kwa sababu mikono yake ilikuwa imewaosha mama zao. Kanga zikatundikwa uani. Mwantumu aliingia nyuma ya pazia, akaandaa maji, akavuruga majani ya mkunazi, akangoja.

Hakuna aliyeingia. Ilisikika minong'ono tu. Bi Saumu aliinama akajifanya anatafuta kandambili zake. Marehemu walimpenda. Walichoogopa ni kwamba lolote litakalosemwa kesho juu ya mwili ule, wao watahesabiwa kuwa walikuwemo. Maji yalikuwa yameanza kupoa, na Mwantumu alikaa chini kando ya mama yake, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona mahali popote.

Pazia likafunuliwa, akaingia Tunu.

Alikunja mikono ya gauni, akanawa, akashika shuka upande wa miguuni. Alimwambia Mwantumu asimame ashike kichwani. Walipoanza, Bi Saumu naye akaingia, akachukua kopo bila kumtazama mtu usoni.

Mwantumu akashindwa kuvumilia, akamuuliza Tunu kwa nini amekuja. Tunu akajibu kwamba Bi Hadia ndiye aliyemwosha bibi yake. Akasubiri maji yatiririke.

"Idrisa alikuwa kaka yangu," akasema. "Alikufa mchanga kabisa, kabla wazazi wangu hawajahamia huku. Mama alijichanja lile jina mwenyewe. Baba anajua tangu siku hiyo."

Mwantumu aliuliza kwa sauti ndogo kwa nini basi Maalimu hakusema, akajisafisha.

"Anasema Mama hakutaka litoke," akajibu Tunu. "Hawezi kulitoa yeye ili tu arudishiwe nafasi msikitini."

Kopo lilimponyoka Bi Saumu. Mwantumu alilia, kilio cha kuvuta pumzi kwa shida, na safari hii hakuna aliyekuwa anamtazama. Uchungu wa mama aliyezika mtoto wake alikuwa ameugeuza kuwa uzinzi, ili mtu mwenye kofia asiangalie simu yake.

Tunu alimwacha alie, kisha akamwambia maji yanapoa. Wakaendelea. Wakamgeuza Bi Hadia kwa ubavu, na hapo wote watatu wakaona kitu. Mwantumu, mtoto aliyemzaa, hakuwa amewahi kukijua. Tunu alivuta shuka akafunika, akapitisha mkono kwa chini, akaendelea kuosha kama alivyokuwa anaosha.

Ni kitu gani? Najua unauliza, hata mimi niliuliza. Haya yote nimeyapata kwa Tunu mwenyewe. Maalimu, kabla hajafariki, alimruhusu asimulie habari ya mtoto wao kama itamfaa mtu, mradi majina yabadilishwe. Kwa hiyo tulipofika hapa pa Bi Hadia nikambana.

"Tulimwosha, tukamvisha sanda," akasema.

Nikauliza tena kwa kuzunguka, kama tunavyojua kuzunguka. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Siku ya khitima Mwantumu alisimama mbele ya wanawake wote. Alisema kile alichokisema kwenye televisheni hakukielewa, na hata angekielewa hakikuwa chake. Alijua kwamba akiongeza neno moja tu kuhusu yule mtoto, watu wangemlilia Mama Tunu siku hiyo hiyo na yeye angesamehewa. Hakuliongeza. Halikuwa neno lake. Alikuwa amekaanga vitumbua vya khitima, sinia zima, na lilipopitishwa wanawake wakaanza kutazamana. Tunu alichukua kimoja, akala. Akachukua cha pili.

Muda ukapita. Hodi zimeanza kupigwa tena kwa Mwantumu, si nyingi, lakini zinapigwa.

Asubuhi moja akikaanga vitumbua jikoni, Tunu akiwa naye, simu ikalia. Alikuwa yule bwana wa kofia. Alisema msimu mpya unaanza, kile kipande chake watu bado wanakitafuta, na safari hii nafasi ipo, nyumba ipo, atakachotakiwa ni kuja na kisa kingine kizito. Kama kinamhusu mtu wa karibu, ndiyo vizuri zaidi. Akamuuliza kama anacho.

Tunu alikuwa kwenye kigoda pale pale, akisikia kila neno. Hakuinua macho.

Mwantumu alikuwa nacho. Alikuwa na kisa cha mama yake mwenyewe, ambacho nchi nzima ingekaa kimya kukisikiliza.

"Sina," akasema. Akaiweka simu chini, akageuza vitumbua kabla havijaungua.

Ukimtumia mwenzako hiki, kitume kama kilivyo, na usijaribu kukisia ni mji gani.

Funzo: Ulichokiona kwa mtu aliyekuamini, hasa yule asiyeweza tena kujisemea, si chako cha kukitoa ili utazamwe, na kutazamwa na wengi hakuwezi kukurudishia kuaminiwa na mmoja.