Majirani Walioimba Wimbo Mmoja

Uvumi ulimfikia Eufemia sokoni, pilipili zikichomwa, ukamganda kama kupe: mtu wa serikali mwenye tai anapita nyumba hadi nyumba akiuliza habari za bintiye, Marisela. Marisela alikuwa fundi wa rada katika kituo cha utafiti wa ulinzi, kule mlimani juu ya mji wao katika jimbo la New Mexico, Marekani. Pale, asiye na kibali cha kushika siri za serikali hana kazi.

"Anayeulizwa ana kesi," moyo ukamwambia. Hakumuuliza mwanawe, maana mambo ya kituo hayazungumzwi mezani. Alijifunga kibwebwe, akawapitia majirani na sahani ya biskuti za mdalasini.

"Shoga, akija mwambie Marisela hajawahi kuvuka mpaka wala kuonja bia."

"Wee Eufemia! Si ndiye aliyecheza mpaka viatu vikakatika kwenye ile harusi ya Mexico?"

"Kula biskuti, unyamaze!"

Majirani wakaimba kama kwaya. Afisa alisikia maneno yale yale kwa kinyozi, kwa muuza mikate, hata kwa bibi kiziwi aliyejibu kabla hajaulizwa.

Jumapili Marisela alikuja amekunja uso. "Mama, kibali changu kimesimamishwa! Safari ya Mexico niliitaja mwenyewe kwenye fomu zao, na bia pia. Si makosa. Sote huulizwa hivi kila baada ya miaka michache. Sasa wanajiuliza mji mzima unaficha nini."

Eufemia alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Kesho yake alimfuata yule afisa.

"Baba, mwongo ni mimi. Mwanangu alikwenda, akanywa, akacheza, akarudi pekupeku."

Afisa alicheka mpaka tai ikapinda. "Mama, hilo ndilo neno la kwanza nililoliamini katika mji huu!"

Akazunguka upya, na safari hii kila jirani alisema lake. Theluji ilipoanguka, Marisela alikuwa na kibali mkononi.

Basi wewe mama mwenye mtoto katika kazi kama hizo, jiepushe na haya. Usimfundishe jirani la kusema. Usimsafishe mwanao kwa jambo ambalo hakushtakiwa kwalo. Usikimbie na uvumi kabla ya kumuuliza mwenyewe. Na usidhani afisa ni mjinga kwa kuwa ananyamaza. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Eufemia haikufika hata mwisho wa mtaa.